Kibofu kipya hakimwamshi mwenyewe: Jinsi ya kukabiliana na mkojo wa usiku baada ya upasuaji

Na MWANDISHI WETU

KUJIKOJOLEA kitandani ni jambo ambalo jamii imezoea kulinasibisha na watoto wadogo. Ndiyo maana mtu mzima aliyejengewa kibofu kipya huona haya kusema kwamba mchana yuko sawa na watu wengine, ila usiku huamka na kukuta shuka limelowa.

Wapo wanaonyamaza wakidhani kwamba saratani imerejea. Wapo wanaoacha kunywa maji tangu alasiri. Wengine huhama chumba cha ndoa bila kumweleza mwenzao sababu, na wengine huvaa nepi ya watu wazima wakalala hadi kukucha, wakiamini kwamba tatizo limekwisha.

Njia zote hizo zina madhara yake. Mbili kati yake, yaani kujinyima maji na kukiacha kibofu kijae usiku kucha, zinaweza hata kuhatarisha figo. Ilhali tatizo lenyewe lina sababu inayoeleweka, na kwa wagonjwa wengi hupungua sana likishughulikiwa kwa utaratibu.

KIBOFU KINACHOSHONWA KUTOKA UTUMBONI

Saratani ya kibofu ikishapenya hadi kwenye misuli ya kiungo hicho, mara nyingi madaktari hulazimika kukiondoa kibofu kizima. Uvutaji wa sigara ndio chanzo kikuu cha saratani hiyo ulimwenguni. Barani Afrika kuna chanzo kingine, nacho ni kichocho cha njia ya mkojo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliorodhesha vimelea vya kichocho hicho miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu. Nchini Kenya, maradhi hayo yanajulikana sana katika kaunti za Pwani kama vile Kwale, Kilifi na Tana River.

Kibofu kikiondolewa, mkojo lazima upate njia nyingine. Baadhi ya wagonjwa hutobolewa tundu tumboni na kuvaa mfuko nje ya mwili. Wengine, ambao figo zao zingali nzima na ambao saratani haijafika kwenye njia ya kutolea mkojo, huweza kutengenezewa kibofu kingine ndani ya mwili.

Daktari hukata kipande cha utumbo mwembamba chenye urefu wa takriban sentimita 50 hadi 60, kisha huziunga upya sehemu za utumbo zilizosalia ili chakula kiendelee kupita. Kile kipande hupasuliwa kwa urefu, kikakunjwa na kushonwa kuwa mfuko wa mviringo, mithili ya fundi cherehani anayeufumua mkono wa shati na kuushona upya uwe kifuko. Mfuko huo huunganishwa na mirija inayotoka kwenye figo kwa upande wa juu, na njia ya asili ya mkojo kwa upande wa chini.

Umbo hilo la mviringo lina maana yake. Utumbo ukiachwa kama ulivyo, huendelea kujibana na kusukuma kana kwamba una chakula ndani. Ukipasuliwa na kukunjwa, nguvu hizo hupungua, na mfuko huweza kubeba mkojo mwingi zaidi bila msukumo mkubwa.

Upasuaji wa aina hii ulienea kuanzia miaka ya 1980, kutokana na kazi ya wataalamu kama Urs Studer wa Bern, Uswisi, na Richard Hautmann wa Ulm, Ujerumani. Barani Afrika, kituo cha maradhi ya figo na njia ya mkojo cha Mansoura nchini Misri kilipata tajriba kubwa, maadamu kichocho kiliwasababishia wakazi wengi wa bonde la mto Nile saratani ya kibofu.

KWA NINI USIKU?

Takwimu hutofautiana kutoka hospitali moja hadi nyingine. Kwa jumla, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huweza kujizuia mchana baada ya mwaka mmoja. Usiku, wanaobaki wakavu ni saba au wanane kati ya kumi. Usiku huchelewa kutengemaa kuliko mchana, na wapo ambao huendelea kupata nafuu hata katika mwaka wa pili.

Sababu ya kwanza ya tofauti hiyo ni mawasiliano. Kibofu cha kuzaliwa nacho kina mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Kikianza kujaa, misuli inayofunga njia ya mkojo huongeza nguvu hata mtu akiwa usingizini. Kikizidi kujaa, mtu huamshwa.

Kibofu kilichotengenezwa kwa utumbo hakina mawasiliano hayo. Mchana mwenyewe huweza kuhisi uzito fulani au tumbo kujaa, akaenda msalani. Usiku hisia hiyo hafifu hupotelea usingizini, huku misuli ya kufunga njia ikiwa imelegea. Mkojo hukusanyika, mfuko hujaa, na kinachozidi humwagika.

Sababu ya pili ni hulka ya utumbo wenyewe. Kazi yake ya asili ni kupitisha maji na chumvi kati ya chakula na damu, na hauachi kazi hiyo kwa kuwa umegeuzwa kibofu. Mkojo ukiwa mzito, utumbo huvuta maji kutoka mwilini na kuyamwaga ndani ya mfuko. Hivyo, mtu anayejinyima maji anaweza kuupata mfuko umejaa vilevile, na mwili wake ukawa umekauka zaidi.

Sababu ya tatu ni mambo yanayowapata hata watu ambao hawakufanyiwa upasuaji. Wazee hutengeneza mkojo mwingi usiku kuliko vijana. Kisukari kisichodhibitiwa, miguu inayovimba mchana, kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo wa usiku. Vileo na dawa za usingizi nazo humfanya mtu alale fofofo asihisi lolote.

SAA BADALA YA MISHIPA YA FAHAMU

Maadamu kibofu kipya hakiwezi kumwamsha mwenyewe, lazima kuwe na kitu kingine cha kumwamsha. Hapa ndipo saa ya kengele au simu ya mkononi inapokuwa sehemu ya tiba.

Mpira wa mkojo ukishaondolewa, kwa kawaida wiki mbili au tatu baada ya upasuaji, mfuko huwa bado mdogo na karibu kila mgonjwa huvuja. Ratiba inayotumiwa sana ni kwenda haja ndogo kila baada ya saa mbili mchana na saa tatu usiku. Muda huo huongezwa polepole kwa maagizo ya daktari hadi kufikia takriban saa nne, na mfuko nao hupanuka hadi kubeba kama mililita 400 au 500. Haba na haba hujaza kibaba.

Mgonjwa hujifunza pia namna mpya ya kukojoa, kwa kuwa mfuko wa utumbo haujibani kama kibofu cha asili. Wanaume kwa wanawake hushauriwa kuketi, kuilegeza misuli ya chini, kuinama mbele kidogo na kusukuma kwa tumbo taratibu, wakati mwingine wakilibonyeza tumbo kwa mkono. Asiwe na haraka. Akimaliza, apumzike kidogo kisha ajaribu tena, kwa sababu mkojo unaobaki ndani kabla ya kulala huifupisha safari ya kuujaza mfuko.

Ili kujua kengele ilie saa ngapi, si lazima kubahatisha. Kwa siku tatu hivi, mgonjwa aandike kwenye daftari saa anayokojoa, kiasi anachokipima kwa jagi lenye alama za mililita, na saa anayokuta amelowa. Tuseme mfuko wake hubeba mililita 400, na usiku kucha figo zake hutengeneza mililita 900. Hesabu yenyewe inaonyesha kwamba mfuko huo hauwezi kufika asubuhi bila kumwagika. Akiamka mara mbili, mililita hizo 900 zitagawanyika katika safari tatu za 300 hivi, ikiwemo ile ya asubuhi, na shuka litabaki kavu.

Vivyo hivyo, daftari likionyesha kwamba mara nyingi huvuja kama saa tisa usiku, kengele iwekwe saa nane au saa nane na nusu. Wengi huhitaji kuamka mara moja au mbili kila usiku maisha yao yote, hata baada ya kupona kabisa. Anayelijua hilo mapema hulipokea kama anavyopokea kumeza dawa kwa saa.

Wapo wanaosema kwamba ni afadhali kuvaa nepi na kulala. Nepi inafaa kama kinga, lakini haifai kuchukua nafasi ya kengele. Mfuko unaoachwa ujae kupita kiasi kila usiku hutanuka na kulegea kama mpira uliovutwa mno. Baadaye hushindwa kujimwaga wote, mkojo hubaki ndani, bakteria huzaana, na figo huanza kuelemewa.

MAJI YASIPUNGUZWE, YABADILISHIWE SAA

Kwa kawaida mwenye kibofu cha utumbo hushauriwa kunywa lita mbili hadi tatu za maji kwa siku, isipokuwa daktari ameagiza vingine kwa sababu ya moyo au figo. Maji hayo husafisha ute ambao utumbo huendelea kuutoa na ambao unaweza kuziba njia.

Jambo la kubadilisha ni saa za kunywa. Sehemu kubwa ya maji inywewe asubuhi na mchana, kisha mtu apunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chai na kahawa ziishie alasiri. Supu, uji na matunda yenye maji mengi kama tikiti huhesabiwa kuwa maji pia. Mwenye miguu inayovimba aketi akiwa ameiinua kwa muda alasiri, ili maji yaliyokusanyika yatoke kabla ya usiku. Anayemeza dawa za kuongeza mkojo amuulize daktari kama anaweza kuzimeza asubuhi.

Kuna suala jingine ambalo huwashangaza wagonjwa, nalo ni chumvi. Katika miezi ya mwanzo, mfuko wa utumbo unaweza kuupotezea mwili chumvi nyingi. Wakati uo huo huirudisha asidi ya mkojo kwenye damu. Dalili zake ni uchovu usioelezeka, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na kupungua uzani. Ndiyo sababu madaktari hupima damu mara kwa mara, na huenda wakamwambia mgonjwa aongeze chumvi kwenye chakula na ameze tembe za sodiamu baikaboneti. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi kabla ya kuelekezwa.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani unahitaji mashauri ya mapema. Mfungaji hunywa maji yake yote kati ya futari na daku, yaani katika saa zile zile ambazo kibofu kipya ni dhaifu zaidi, na mchana hukaukiwa. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ni vyema azungumze na daktari kuhusu hali ya figo na damu yake, kisha amwendee sheikh. Ama kuhusu swala, kuvuja kwa usiku hakumzuii mtu kuswali: hujitwaharisha, hubadilisha nguo na kutia udhu.

MAZOEZI NA VIFAA

Mazoezi ya misuli inayofunga njia ya mkojo husaidia, ingawa manufaa yake huonekana zaidi mchana. Mtu huikaza misuli hiyo kana kwamba anazuia upepo, akahesabu hadi tano au kumi, kisha akailegeza kwa muda uo huo. Hurudia mara kumi, vipindi vitatu kwa siku. Tumbo na mapaja yasikazwe. Mazoezi hayo yasifanywe wakati mpira wa mkojo ungali mwilini.

Kitanda kinaweza kutandikwa kwa namna ya kupunguza adha. Funika godoro kwa plastiki, tandika shuka, kisha juu yake weka plastiki nyingine ndogo na shuka jingine au leso nzito. Ikitokea ajali usiku, tabaka la juu huondolewa na mtu akaendelea kulala bila kuwasha taa nyumba nzima.

Palipo na choo cha nje, ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda huepusha safari ya gizani, hasa kwa wazee wanaoweza kuanguka, au stima inapopotea. Wanaume wanaweza kutumia mpira laini unaovaliwa uumeni kama kondomu na kuunganishwa na mfuko wa kukusanyia mkojo. Uwe wa saizi ifaayo, na ngozi ikaguliwe kila asubuhi. Iwapo ngozi imelowa, ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta mazito ya kuikinga.

MAMBO YANAYOHITAJI DAKTARI

Mtu aliyekuwa mkavu kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kuvuja tena, asilichukulie hilo kuwa jambo la kawaida. Huenda ana maambukizi, au mfuko haujimwagi wote. Uchunguzi wa picha ya ultrasaundi baada ya kukojoa huonyesha kiasi kilichobaki. Mara nyingi mabaki yanayozidi mililita 100 huwafanya madaktari watafute chanzo, kiwe ni ute, kovu kwenye kiungio, au mfuko uliotanuka.

Mwenye tatizo hilo hufundishwa kujiwekea mpira mwenyewe, akautoa mkojo na kuuondoa mpira papo hapo. Wanawake huhitaji njia hiyo zaidi kuliko wanaume. Wengi huiogopa mwanzoni, lakini mtu anayejimwaga hivyo kabla ya kulala anaweza kupata usiku mkavu ambao hajaupata kwa miezi.

Ikiwa ratiba, maji na mazoezi havikutosha, daktari anaweza kufikiria dawa. Mojawapo ni desmopresini, ambayo hupunguza mkojo unaotengenezwa usiku. Haifai kumezwa kiholela, kwa sababu inaweza kushusha kiwango cha sodiamu kwenye damu hadi kikawa hatari, hasa kwa wazee. Kwa wachache ambao tatizo lao ni sugu, kuna upasuaji wa kuweka kifaa cha kufunga njia ya mkojo.

Mgonjwa akimbie hospitalini mara moja akipata homa na kutetemeka, maumivu makali ya tumbo au mbavuni, kutapika, au damu kwenye mkojo. Hatari kubwa kuliko zote ni kushindwa kukojoa kabisa, kwani mfuko uliojaa kupindukia unaweza kupasuka. Popote atakapotibiwa, hata kama ni kwa malaria au ajali ya barabarani, awaambie wahudumu kwamba kibofu chake kimetengenezwa kwa utumbo. Ni busara kutembea na kadi inayoeleza hivyo.

Aidha, vipimo vya damu na figo visikatizwe kwa sababu mtu anajihisi mzima. Kwa kuwa sehemu ya utumbo inayofyonza vitamini B12 iko karibu na kipande kilichokatwa, kiwango cha vitamini hiyo hustahili kupimwa kadiri miaka inavyosonga.

NENO KWA WANANDOA NA JAMAA

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mume au mke aliyeelezwa sababu ya kengele ya saa nane usiku huivumilia kwa urahisi kuliko yule anayebaki kukisia kwa nini mwenzake amehamia chumba kingine. Wakati wa tendo la ndoa, inatosha kwenda haja ndogo kwanza na kutandika taulo.

Jamaa nao waepuke maneno ya kejeli, na wasimfungie mzee maji jioni wakidhani wanamsaidia. Msaada wa maana ni kumkumbusha anywe maji mchana, kumsaidia kuweka daftari lake, na kumwamsha kengele inapolia asiisikie.

Wakati wa kurudi kliniki, mgonjwa alichukue daftari hilo. Madaktari huuliza kuhusu kidonda, uzani na saratani, na muda huisha kabla suala la usiku halijatajwa. Ukurasa mmoja unaoonyesha saa, vipimo na siku za kulowa utamwezesha daktari kutambua kama tatizo ni mfuko mdogo, mkojo mwingi, au mabaki yasiyotoka, na kila moja kati ya hayo lina tiba yake.